Nini Maana ya "Imehifadhiwa"? Hifadhidata Ndogo katika Seva ya Shule

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi ya ualimu mali yetu kubwa si madawati wala vitabu, bali ni habari za watoto tuliokabidhiwa: nani alihudhuria, nani alielewa kujumlisha sehemu na nani hakuelewa, nani alipata alama ngapi na lini. Kwa miaka mingi habari hizo zimekaa katika rejista ya mahudhurio na katika daftari la maendeleo, na kila mwalimu aliyepita chuoni alifundishwa namna ya kuyatunza madaftari hayo: andika kwa wino, usifute, ukikosea piga mstari mmoja na utie sahihi yako. Siku hizi sehemu ya habari hizo inahamia katika kompyuta na vishikwambi. Twaona kwamba kanuni za wino zilifundishwa vizuri, lakini kanuni za kompyuta bado hazijafundishwa kwa kiasi hicho. Mwanachuo hujua abonyeze wapi. Ni mara chache huuliza kile alichokiandika kimekwenda kukaa wapi, na kama kesho kitakuwapo.

Makala haya yanaeleza jinsi sisi wakufunzi wa TEHAMA tunavyolifundisha jambo hilo chuoni kwetu. Hatuwaandikii mafundi. Twamwandikia mwalimu wa shule ya msingi ambaye atakuta katika ofisi ya mwalimu mkuu kompyuta ndogo inayoitwa seva, na ambaye ataambiwa kwamba alama za darasa lake zimo humo.

Hifadhidata iliyopachikwa ni nini

Hifadhidata ni programu inayopanga taarifa ili ziweze kuandikwa, kutafutwa na kubadilishwa bila kuvurugika. Ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni mfano wa bohari lenye mtunza bohari wake: mwenye haja hupeleka ombi, mtunza bohari hulipokea, hutafuta, kisha hujibu. PostgreSQL na MySQL ni za namna hiyo. Namna ya pili haina mtunza bohari. Hifadhidata imo ndani ya programu ile ile inayoitumia, na taarifa zote zimo katika faili moja la kawaida kwenye diski, kama vile mwalimu anavyobeba daftari la maendeleo kwapani na kuliandika mwenyewe bila kupitia kwa karani. Hii ndiyo tunayoiita hifadhidata iliyopachikwa.

Iliyoenea kuliko zote ni SQLite. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp, alipokuwa katika kazi ya mkataba kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani. Programu aliyoishughulikia ilikusudiwa kuwasaidia mabaharia wa manowari kudhibiti madhara chombo kinapopata hasara. Ilitegemea hifadhidata kubwa yenye seva yake. Seva ikisimama, programu nayo husimama, hata kama kompyuta iliyo mbele ya baharia ni nzima. Hipp akaona kwamba programu ya namna hiyo ingefaa isome taarifa zake yenyewe kutoka kwenye diski, bila kumtegemea mwingine wa kati. Toleo la kwanza lilitoka Agosti 2000. Leo SQLite imo katika kila simu ya Android na kila iPhone, na ujumbe wa WhatsApp tunaousoma kila siku hukaa humo. Haina mwenye hakimiliki. Mtu yeyote aweza kuitumia bila malipo.

Shuleni inaingia kwa njia nyingi, na mojawapo ni Kolibri, programu ya masomo iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti, na ambayo imetumika katika shule za Kenya na Uganda. Kompyuta moja huwa seva. Wanafunzi huunganisha vishikwambi vyao nayo kwa mtandao wa ndani ya shule, hujibu maswali, na majibu yao huandikwa kwenye ile kompyuta moja. Pasipo mtu kuagiza vingine, Kolibri huandika taarifa zake katika SQLite. Basi mwalimu anayeutumia mtambo wa namna hiyo anaitumia hifadhidata iliyopachikwa, ajue asijue.

Somo la ubao na karatasi

Hatuanzi somo hili kwenye kompyuta. Tunaanza ubaoni. Mkufunzi huchora orodha mbili za majina, Mkondo A na Mkondo B, kisha huwaita wanachuo wawili. Wa kwanza ndiye mwandishi. Kazi yake ni kumhamisha mtoto mmoja kutoka A kwenda B, yaani kulifuta jina katika orodha ya kwanza na kuliandika katika orodha ya pili. Wa pili amepewa kengele. Kengele ikilia maana yake umeme umekatika, na mwandishi sharti aiache chaki papo hapo na kutoka darasani.

Mwenye kengele huipiga mara tu jina likishafutwa katika A. Mkufunzi huwauliza waliobaki: mtoto huyu yuko wapi? Hayumo A wala hayumo B. Hakuna anayeweza kusema alikuwa akienda wapi, maana mwandishi ametoka na kumbukumbu yake.

Kisha tunarudia zoezi kwa kanuni mpya. Kabla ya kufuta neno lolote, mwandishi anakili kwenye karatasi mistari anayotaka kuibadilisha jinsi ilivyo, na kuiweka karatasi hiyo mezani. Ndipo abadilishe ubao. Akimaliza mabadiliko yote, achane karatasi. Mwanachuo wa tatu husubiri nje. Kila kengele inapolia huingia yeye, naye amepewa agizo moja tu: ukikuta karatasi nzima mezani, rudisha ubaoni yaliyoandikwa humo, usipoikuta, uache ubao ulivyo.

Tunaipiga kengele katika kila hatua: kabla ya kunakili, baada ya kunakili, katikati ya kufuta, baada ya kuandika, baada ya kuchana. Wanachuo huona wenyewe kwamba kila mara ubao unaishia kuwa ama wa zamani kamili, ama mpya kamili. Hakuna mara mtoto anakosekana pande zote mbili, wala hakuna mara anaonekana pande zote mbili. Kundi la mabadiliko linalokwenda pamoja namna hii, yote au hakuna, ndilo linaloitwa muamala. Na ndivyo SQLite inavyofanya kazi katika utaratibu wake wa asili: hunakili kurasa za zamani katika faili la pembeni, hubadilisha faili kubwa, kisha hulifuta faili la pembeni. Kulifuta faili hilo ndiko kutimia kwa muamala. Kompyuta ikizimika kabla ya hapo, programu itakapofunguka tena italikuta faili la pembeni na kurudisha mambo yalivyokuwa.

Mwanachuo mmoja aliwahi kuuliza swali ambalo sasa tunalisubiri kila mwaka: "Je, kengele ikilia wakati karatasi imekwisha andikwa lakini bado iko mkononi mwa mwandishi, naye akatoka nayo?" Swali hilo ndilo mlango wa sehemu inayofuata.

Gharama ya kungoja

Programu inapoiambia kompyuta "andika", kompyuta hujibu "ndiyo" upesi sana, lakini mara nyingi jibu hilo hutolewa wakati maneno yangali katika kumbukumbu ya muda, ile inayopotea umeme ukikatika. Ndiyo karatasi iliyo mkononi. Hifadhidata yenye uangalifu hairidhiki na jibu hilo. Huitaka kompyuta iyasukume maneno hadi kwenye diski yenyewe, kisha hungoja ithibitishiwe.

Kungoja huko kuna gharama, nasi tunapenda kuikokotoa ubaoni kwa kuwa ni hesabu ya Darasa la Tano. Diski nyingi za kuzunguka huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60, utapata mizunguko 120 kwa sekunde. Muamala mmoja uliothibitishwa kikamilifu huhitaji kwa kawaida mizunguko miwili. Basi diski hiyo haiwezi kuthibitisha zaidi ya miamala 60 hivi kwa sekunde, hata kompyuta iwe na nguvu namna gani. Kompyuta ile ile yaweza kuandika mistari 50,000 na zaidi kwa sekunde ikiwa mistari hiyo imewekwa pamoja katika muamala mmoja. Tofauti haitokani na wingi wa maneno, bali na idadi ya mara tunazongoja. Vifaa vya siku hizi visivyozunguka hungoja muda mfupi zaidi, lakini navyo hungoja.

SQLite humwachia mwenye programu achague atangoja kiasi gani, kwa agizo linaloitwa "synchronous". Likiwekwa FULL, ambacho ndicho kiwango cha kawaida, kila muamala hungojewa hadi diski ithibitishe. Likiwekwa NORMAL pamoja na utaratibu wa WAL tutakaoueleza hapa chini, umeme ukikatika miamala michache ya mwisho yaweza kupotea, ila faili lenyewe hubaki zima. Likiwekwa OFF, programu haingoji kabisa. Ikianguka yenyewe hakuna neno, bali umeme ukikatika faili zima laweza kuharibika.

Mwalimu aweza kusema kwamba haya ni ya mafundi. Tunaomba asisome haraka yafuatayo.

Katika shule moja ambako wanachuo wetu walikwenda kwa mazoezi ya kufundisha, palikuwa na seva ndogo ya kukusanya majibu ya majaribio. Watumiaji walikuwa wamelalamika kwamba inakwenda polepole, na aliyeifunga akaombwa aiongeze kasi. Ikaongezeka kweli. Siku moja Darasa la Sita walifanya jaribio la sehemu. Kila mtoto alipomaliza, kishikwambi chake kilionyesha alama yake na neno "Imehifadhiwa". Kabla ya saa ya mapumziko umeme ulikatika. Uliporudi, programu haikufunguka. Tulipoitwa kutazama tulikuta agizo lile limewekwa OFF, na faili la majaribio ya muhula mzima halisomeki.

Jaribio lilirudiwa. Katika darasa hilo alikuwamo msichana aliyezoea kushindwa Hisabati, ambaye mwanachuo wetu alikaa naye alasiri tatu akimfundisha kutafuta kigawe kidogo cha shirika kwa kutumia vijiti. Katika jaribio la kwanza aliiona kwenye kioo alama ambayo hakuwahi kuipata. Katika jaribio la pili alipata pungufu yake. Alimwuliza mwanachuo wetu, "Mwalimu, ile ya kwanza haihesabiki?" Mwanachuo hakuwa na karatasi ya kumwonyesha wala ya kumwonyesha mwalimu wa darasa.

Hatumlaumu aliyeufunga mtambo ule. Aliombwa kasi, akatoa kasi. Hakuna aliyemwuliza kasi hiyo imelipiwa na nini. Hapa ndipo tunapotaka kila mwanachuo atue: kasi inayopatikana kwa kutongoja ni mkopo, na katika shule mkopo huo huchukuliwa na watu wazima na kulipwa na mtoto.

Vishikwambi arobaini kwa wakati mmoja

Haifuati kutokana na hayo kwamba seva ya shule sharti iwe ya polepole. Ziko njia za kuirekebisha ambazo haziuzi uthabiti wake, na mwalimu akizijua atajua aombe nini.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika SQLite wasomaji waweza kuwa wengi kwa wakati mmoja, lakini mwandishi ni mmoja tu. Wanafunzi arobaini wakibonyeza "Tuma" kwa pamoja, majibu yao yatapita mlangoni mmoja mmoja. Watu wengi husikia hivyo wakadhani kwamba haifai kabisa kwa seva. Na turudie hesabu yetu: kwenye diski ile ya miamala 60 kwa sekunde, watoto arobaini wanahudumiwa kwa theluthi mbili za sekunde. Hakuna mtoto atakayetambua kwamba alipanga foleni. Shida haitokani na foleni, bali na mtu anayesimama mlangoni bila sababu.

Kwa hiyo tunawafundisha wanachuo mambo matano.

(a) Muamala uwe mfupi. Programu isifungue muamala, kisha ikaanza kusahihisha, kuchora picha au kumngoja mwanafunzi afikiri, huku imeushika mlango. Itayarishe kila kitu kwanza, iingie, iandike, itoke. Kinyume chake, kazi moja yenye mistari mingi, kama vile kuingiza majina ya wanafunzi 600 mwanzoni mwa mwaka, iwekwe katika muamala mmoja badala ya miamala 600.

(b) Anayekuta mlango umefungwa asubiri. Bila agizo, SQLite haisubiri hata kidogo. Ikikuta mwandishi mwingine yumo, hurudisha mara moja ujumbe kwamba hifadhidata imefungwa, na programu isiyotengenezwa vizuri huliacha jibu la mtoto lianguke chini. Agizo la "busy_timeout" huiambia isubiri, kwa mfano milisekunde 5,000, yaani sekunde tano. Badiliko hili ni dogo, nalo huondoa malalamiko mengi.

(c) Yatumike maandishi ya kutangulia. Mwaka 2010, katika toleo la 3.7.0, SQLite iliongezewa utaratibu uitwao WAL. Badala ya kunakili yaliyo ya zamani na kuubadilisha ubao, mwandishi huuacha ubao ulivyo na kuandika mabadiliko mapya mwishoni mwa daftari la kando. Baadaye, daftari likifikia kurasa 1,000 hivi, yaliyomo huhamishiwa ubaoni kwa pamoja. Faida yake ni kwamba mwalimu anayesoma ripoti hamzuii mtoto anayeandika jibu, wala mtoto hamzuii mwalimu. Lakini msomaji asiyekwisha kusoma huzuia daftari lisianze upya, nalo likaendelea kunenepa. Ndiyo maana ripoti ndefu isiachwe wazi mchana kutwa.

(d) Faili likae katika kompyuta ile ile inayoendesha programu. Baadhi ya watu huliweka faili la hifadhidata katika kabrasha la pamoja la mtandao na kulifungua kutoka kompyuta tatu. WAL haifanyi kazi namna hiyo, na hata utaratibu wa zamani hauaminiki, kwa sababu kufuli zinazopita mtandaoni mara nyingi hazifungi kweli. Vishikwambi viongee na programu. Programu peke yake ndiyo iliguse faili.

(e) Faharasa ziwekwe panapotafutwa. Hifadhidata isiyo na faharasa ya namba ya mwanafunzi hulazimika kupitia kila mstari ili kumpata mmoja, kama mtu anayetafuta neno katika kamusi isiyopangwa kwa abjadi. Mara nyingi seva inayodaiwa kuwa nzito inakosa faharasa moja tu. Na faharasa haihatarishi alama ya mtoto yeyote.

Haya yakifanyika, agizo la "synchronous" laweza kubaki FULL katika seva ya shule ya kawaida, na hakuna atakayenung'unika. Mahali ambapo miamala ni mingi kweli, NORMAL pamoja na WAL ni chaguo linaloweza kutetewa, mradi waalimu waelezwe kwamba dakika ile ya umeme kukatika majibu ya mwisho yanaweza kuhitaji kuulizwa tena. OFF haina nafasi palipo na alama za watoto.

Jaribio la plagi

Tunapenda wanachuo wasituamini kwa maneno matupu. Tunayo kompyuta ndogo ya mazoezi isiyo na taarifa za mtu yeyote. Tumeiwekea programu fupi inayoandika namba 1, 2, 3 na kuendelea, kila namba ikiwa muamala wake. Kila namba inapothibitishwa, hutumwa kwenye kompyuta ya pili inayotumia betri, ambayo huionyesha darasa zima. Mwanachuo huchomoa plagi wakati wowote anaotaka. Kisha tunaichomeka, tunalifungua faili, na tunalinganisha namba ya mwisho iliyomo na namba ya mwisho iliyoonyeshwa.

Chini ya FULL, namba zote zilizoonyeshwa hukutwa zimo. Mara nyingine hukutwa moja zaidi, nalo ni fundisho zuri: iliandikwa, lakini umeme ulikatika kabla haijatangazwa. Chini ya NORMAL na WAL, namba kadhaa za mwisho hukosekana, ila faili hufunguka na kukaguliwa salama. Chini ya OFF mambo hubadilika-badilika. Mara nyingi faili hufunguka bila dosari ya kuonekana, na wanachuo huanza kusema kwamba OFF haina ubaya. Tunawaacha waendelee kuchomoa hadi siku faili linapoharibika. Hapo twawauliza: je, mngalikuwa shuleni na hili likatokea katika muhula wa tatu, zile mara zote za mwanzo zingewasaidia nini?

Hilo, kwa maoni yetu, ni somo kubwa kuliko kompyuta. Jambo lisilodhuru mara kumi halijathibitika kuwa salama. Watengenezaji wa SQLite wenyewe wameishika kanuni hiyo: katika toleo lao la mwaka 2023 mistari ya majaribio ilikuwa mara 590 hivi ya mistari ya programu yenyewe, na miongoni mwa majaribio hayo yamo ya kuigiza umeme unaokatika katikati ya kuandika, na ya kuigiza diski inayokataa kuandika.

Tunawaonya wanachuo pia kwamba programu haiwezi kukishinda kifaa kinachosema uongo. Ziko kadi na flashi za bei nafuu zinazojibu "nimeandika" kabla ya kuandika. Seva ya shule ipewe diski ya kutegemewa, na ikiwezekana betri ya akiba itakayoipa dakika chache za kuzimwa kwa utaratibu.

Nakala na ukaguzi

Baada ya yote, kompyuta yaweza kuibiwa, na nyumba yaweza kuungua. Kwa hiyo pawepo nakala nje ya kompyuta ile. Hapa pana mtego. Mtu akilinakili faili la hifadhidata kwa njia ya kawaida wakati programu inaandika, aweza kupata faili lililo nusu la zamani na nusu jipya; na katika utaratibu wa WAL aweza kuliacha nyuma daftari la kando lenye mabadiliko ya karibuni. Njia iliyo salama ni ama kuifunga programu kwanza, ama kutumia agizo la hifadhidata yenyewe. SQLite inalo agizo la "VACUUM INTO", lililoongezwa mwaka 2019, linalotoa nakala kamili huku kazi ikiendelea. Nakala ikishapatikana ikaguliwe kwa agizo la "PRAGMA integrity_check", ambalo hujibu "ok" ikiwa faili ni zima. Na mara moja kwa muhula nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine, alama za mtoto mmoja zitafutwe, zilinganishwe na daftari. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Wala tusiing'ang'anie hifadhidata iliyopachikwa panapohitajika kubwa. Ikiwa waandishi ni wengi mno kwa wakati mmoja, au ikiwa seva kadhaa zinapaswa kuandika katika hifadhidata moja, basi wakati wa mtunza bohari umefika. Kolibri yenyewe huruhusu kuhamia PostgreSQL. Lakini shule nyingi za msingi haziko huko. Kwa shule yenye seva moja na chumba kimoja cha vishikwambi, mtambo usiohitaji msimamizi wa kila siku una faida kubwa.

Nasaha kwa wanachuo

Tunapofundisha somo hili hatutazamii kwamba mwanachuo atakumbuka kila agizo. Maagizo hubadilika, na fundi wa kuyaandika aweza kupatikana. Tunatazamia kwamba atakapofika kituoni kwake na kuonyeshwa mtambo mpya, ataketi na aliyeufunga na kumwuliza kwa adabu maswali manne: Kioo kinaposema "Imehifadhiwa", ni diski iliyothibitisha au ni programu iliyotumaini? Umeme ukikatika sasa hivi, tutapoteza nini, na nani ataambiwa? Watoto wote wakituma majibu kwa pamoja, anayekuta mlango umefungwa anasubiri au anatupwa? Nakala ya mwisho ilifunguliwa lini, na nani aliifungua?

Mwalimu anayeuliza hivyo hajitii ufundi asiokuwa nao. Anatimiza kazi yake ya siku zote ya kutunza habari za watoto. Na hadi apate majibu yanayomridhisha, tunamshauri aendelee kuandika alama za kila jaribio katika daftari la maendeleo, kwa wino, siku ile ile.